Aliyekula Kwanza

Mke wangu alikufa mchana, jua likiwa kali, mbele ya watu wenye njaa waliokuwa wamekaa chini wanamtazama, wanasubiri kujua kama na wao wale au wasile.

Kwanza alisema mdomo umekufa ganzi. Alicheka kidogo, akajigusa midomo kwa vidole, kama mtu aliyeumwa na nyuki. Halafu akaniambia nitoe chungu mekoni, nikifunike, mtu asikiguse. Nikakitoa. Nilipogeuka alikuwa amelala ubavu, miguu inakwenda yenyewe kama inakimbia. Povu lilimtoka. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yananitazama mimi. Binti yetu, aliyekuwa bado hajaanza kutembea, alikuwa anashika kisigino cha mama yake, anakiachia, anakishika tena. Alidhani anachezewa.

Sikulia. Nilikwenda mbali na nyumba, nikachimba shimo, nikamwaga kile chungu, nikafukia, nikakanyaga udongo mpaka ukawa sawa. Niliporudi walikuwa wameshamfunika kwa kaniki yake. Basi. Hakuna zaidi.

Kesho yake akida alituma mtu kutangaza sababu ya kifo. Sababu ilikuwa ulafi. Mwanamke wa mlimani, alisema yule mtangazaji, alikula kabla ya wenzake, alikula peke yake, alikula chakula ambacho hakijakaguliwa, akafa. Wengine wajifunze. Hiyo ndiyo hukumu iliyotoka bomani, na ndiyo inayosemwa Ifakara mpaka leo, hata na watu ambao siku ile walikuwa hawajazaliwa.

Nirudi nyuma, maana nikiishia hapo mtamwona mlafi kama walivyomwona wao.

Mimi ni mtu wa mtoni. Sisi tunajua samaki na mpunga. Mke wangu alitoka huko juu, upande wa Mahenge, kwenye watu wanaochimba. Tulipooana alinitania kila siku. Nikirudi na samaki anauliza, "Mtu wa mtoni, mto ukikauka utakula nini?" Nami namjibu, "Nitakula wewe, mtu wa mlimani, umenona kwa mizizi." Ndivyo tulivyokuwa. Nyumba yetu ilikuwa karibu na mto Lumemo, na mwaka wa kwanza wa ndoa hatukukosa kitu.

Halafu ikaja vita. Sitaieleza sana, wako walioieleza. Tulipakwa dawa ya maji tukaambiwa risasi haitaingia. Iliingia. Baada ya hapo Wadachi hawakutafuta watu, walitafuta chakula. Mpunga uliokuwa ghalani ulichomwa, na uliokuwa shambani ulichomwa. Kuanzia Ifakara mpaka upande wa Mngeta ulikuwa unatembea juu ya majivu. Mitumbwi nayo ilichomwa, ili tusivuke na tusivue. Tulibaki tunatazama mto wenye samaki kama mtu anayetazama chakula cha jirani.

Hapo ndipo tulipoanza kula ndiga.

Ndiga ni kiazi cha porini. Mti wake unatambaa, una majani matatumatatu, na chini kiazi ni kikubwa, cheupe kwa ndani, kinavutia. Ukikila hivi hivi kinakuua. Lakini watu wa mlimani wanakila tangu zamani, na nilijifunza kwa mke wangu namna wanavyofanya. Unamenya, unakata vipande vyembamba kama sikio, unavitia kwenye tenga, unalaza tenga mtoni mahali ambapo maji yanakwenda, unakandamiza kwa mawe. Unakwenda kila asubuhi unakamua. Mwanzoni linatoka povu kama la sabuni. Siku inafika povu halitoki. Ndipo unaanika juani mpaka yawe makopa, makavu kama ya muhogo, na ukitaka kula unapika.

Lakini haijaisha. Yule aliyeloweka ndiye anayekula kwanza. Anakula jua likiwa kichwani, mbele ya watu wote, na hakuna mwingine anayetia mkono mpaka kivuli cha nyumba kifike mlangoni. Akiwa mzima anasema, "Njooni." Ndipo mume anakula, watoto wanakula, wageni wanakula. Kwao huko mlimani hiyo ni desturi ya siku zote, hata mwaka wa shibe. Anayeloweka ndiye anayejua kama maji yalikuwa yanakwenda au yamesimama, kama alikamua au alipitiwa na usingizi. Kwa hiyo anajibu kwa tumbo lake mwenyewe.

Mara ya kwanza nilipoona nilichukia. Kwetu sisi mwanamke hali kabla ya mumewe. Nilimwuliza, "Umeanza lini kunitangulia kula?"

Akanijibu huku anatafuna, "Tangu nilipoanza kukupenda. Kaa huko na njaa yako."

Nilikaa. Baadaye nilizoea, na majirani walizoea. Njaa ilipokaza, watu wa mtoni waliohamia karibu yetu walimletea ndiga zao awaonyeshe. Alionyesha kila mtu bila kumficha. Kila mji ulikuwa na mlowekaji wake, na kila mlowekaji alikula kwanza. Tulikufa kwa njaa, ndiyo, na tulikufa kwa homa. Kwa ndiga hatukufa.

Waliokufa kwa ndiga walikuwa watu wa kazi. Bwana wa boma, Mdachi, alikuwa amekusanya wanaume kutoka bonde zima watengeneze barabara na wajenge upya vilivyobomolewa vitani. Hakuwa na chakula cha kuwapa, maana alikuwa amekichoma. Wakichimba ndiga njiani, wanachoma motoni, wanakula, na asubuhi hawaamki. Hapo Mdachi alishtuka. Hakushtuka tulipokufa sisi. Alishtuka kazi iliposimama.

Akatoa amri mbili. Ya kwanza, ndiga yote iliyolowekwa na kukaushwa ipelekwe kwenye banda la boma, ikusanywe pamoja, igawiwe kutoka hapo. Ya pili, isigawiwe mpaka ikaguliwe na mtu mwenye kibati. Kibati kilikuwa kipande cha bati cha ukubwa wa kiganja, kimepigwa mhuri wa ndege wa Wadachi, kina tundu la kamba ya kuvaa shingoni. Mwenye nacho ametambuliwa na serikali kwamba anajua mimea. Akisema hiki ni chakula, ni chakula.

Ili kumpata mwenye kibati wakafanya mtihani, kwenye baraza ya boma. Mimi nilikuwapo kwa sababu nilikuwa nabeba maji ya kukandia udongo, na njia yangu ilipita hapo. Bwana wa boma alikaa kwenye kiti. Akida ndiye aliyeuliza. Alikuwa mtu wa pwani, kanzu safi, bonde letu alilijua kwa kulipitia. Walikuwa wametandika mkeka, na juu yake mimea imepangwa pamoja na mizizi yake na majani yake, mibichi, imeng'olewa asubuhi ile. Kila mtu aliitwa mmoja mmoja, anaelekezwa kwa fimbo: hiki nini, hiki nini, kinaliwa au kinaua.

Mke wangu naye alikwenda. Majirani walimsukuma aende. Akida alimpitisha kwenye ile mibichi, naye mke wangu akaitaja yote. Halafu akida akatoa makopa makavu kwenye kikapu, akamwekea kiganjani.

"Na hii?"

"Ndiga."

"Inaliwa au inaua?"

Mke wangu akaigeuza. "Nani ameloweka?"

"Mimi ndiye ninayeuliza, bibi."

"Ndiyo, bwana akida. Lakini nitajuaje bila kumjua aliyeloweka? Mlete nimwone. Au nipeni mimi nile, mtajua jioni."

Watu wakacheka. Akida naye akacheka, akamgeukia Mdachi akamweleza, na Mdachi akatikisa kichwa. "Anataka kula," akida akasema kwa sauti ili tusikie wote. "Njoo uone watu wa huku. Unamwuliza swali, yeye anataka ubwabwa. Hajui. Mwingine."

Mwingine ndiye aliyepata kibati. Jina lake siandiki, lakini watu wa Ifakara watamjua nikisema ni yule aliyewahi kumbebea mizigo Mzungu mmoja wa kukusanya majani, aliyezunguka naye miaka kabla ya vita, wakayakandamiza majani kwenye makaratasi na kuyafunga kwa kamba. Majani aliyajua, sikatai. Alitaja majina kwa Kindamba, kwa Kipogoro, na mengine kwa Kidachi, mpaka bwana wa boma akasimama kumtazama vizuri. Na makopa je? Akayachukua, akayanusa, akayainua juani. "Nzuri," akasema. Yalikuwa mazuri kweli, yalitoka kwa mlowekaji mzuri. Akavikwa kibati hapo hapo.

Jirani yetu, mvuvi mzee ambaye mtumbwi wake ulichomwa, alikuwa anabeba maji pamoja nami. Akaninong'oneza, "Juzi maji, leo bati. Kesho watatupa nini tuvae tusife?"

Nikamwambia, "Nyamaza babu, utatupigisha."

Tangu siku ile desturi ya kula kwanza ikapigwa marufuku. Walisema ni ushenzi, na kwamba wanawake wanaitumia kujilisha chakula cha serikali kabla hakijapimwa. Makopa yakatoka kila upande kwenda bandani. Mengine yalilowekwa mtoni, mengine yalilowekwa kwenye dimbwi lililosimama na watu wasiojua, mengine yalilowekwa usiku mmoja tu na watu waliotaka kutimiza kiwango walichopangiwa na boma ili wasipigwe. Yote yakamwagwa mahali pamoja, yakachanganywa kwa koleo. Yakikauka yote yanafanana. Jani halipo tena, mti haupo tena, mlowekaji hayupo. Hapo mtu angefanya nini? Angesema, "Bwana, mimi najua majani. Haya sijui." Ni neno dogo hilo. Yule bwana alikuwa nalo mdomoni kila siku na hakulisema, kwa sababu angelisema asubuhi, jioni kibati kingekuwa shingoni mwa mtu mwingine, na yeye angekuwa kwenye udongo pamoja nasi.

Alikuwa anapita kwenye vikapu na kijiti cha mkaa. Kilichofaa anakichora mstari.

Siku yetu ilipofika tulipewa kikapu kwa ajili ya nyumba zote za upande wetu wa mto. Nilikibeba mimi. Kabla hatujaondoka mke wangu alichukua makopa mawili, akayavunja, akayatazama kwa ndani, akamfuata mwenye kibati.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba."

"Haya yametoka maji gani?"

"Yametoka bandani."

"Wewe umeyaonja?"

Akagonga kibati chake kwa ukucha, kikalia. "Mimi naonja kwa macho, dada. Ndiyo maana nimepewa hiki, wewe ukanyimwa."

Askari wakacheka. Halafu akapiga mstari wa mkaa kwenye kikapu chetu, mbele yangu. Nataka hili lieleweke. Niliuona mkono wake, niliuona mkaa, na mstari ulikuwa mrefu kutoka mdomo wa kikapu mpaka karibu na kitako, kwa sababu mkono uliteleza wakati anacheka. Kikapu nilikuwa nimekishika mimi.

Mke wangu akamwambia askari hataki, tutarudisha. Askari akamwambia chakula cha serikali hakirudishwi wala hakimwagwi. Tukaenda.

Tulipofika watu walikuwa wameshakaa wanatusubiri, na watoto wameshawasha moto. Wengine walikuwa hawajala kitu tangu majuzi. Nikamwambia, "Kile kikapu kina alama. Huyo mtu amepimwa na serikali."

"Nimeona."

"Basi tupike watu wale."

"Tutapika," akasema. "Lakini sikuloweka mimi, na aliyeloweka hayupo hapa. Mtu lazima awepo. Chungu ni changu."

Mvuvi mzee akasema, "Mama, sisi hatukuzuii kula kwanza, lakini kwa nini ule wewe? Mlete huyo mwenye kibati ale yeye."

"Huyo kashashiba, babu." Wakacheka kidogo, wale waliokuwa na nguvu.

Tulipika. Jua lilipofika kichwani akampa jirani mtoto ampakate, akakaa mahali pake pa siku zote, akachukua kutoka juu, akachukua kutoka katikati, akachukua kutoka chini. Alikula kwa utaratibu, anatafuna sana. Hakula haraka. Hakula kingi. Watu wote walikuwa wanamtazama na wanameza mate. Mtoto alilia akarudishwa kwake. Mengine nimeshasema.

Kati ya watu wa upande wetu hakufa mwingine. Hakuna nyumba iliyogusa makopa ya kikapu kile. Lakini siku hiyohiyo kambi ya watu wa kazi ilipewa makopa ya bandani, yenye mstari wa mkaa kama yetu, na kwao hakukuwa na mtu wa kula kwanza, maana ilikuwa imekatazwa. Walikula wote pamoja, wakiamini bati. Niliwaona wakizikwa, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliochimba. Mchanga wa kando ya Lumemo ni laini, unachimbika bila shida.

Mwenye kibati aliulizwa. Akasema kikapu chetu hakukikagua, kwamba mwanamke wa mlimani alikipora kwa njaa na kwamba watu wa kambi nao waliiba. Kikapu kilikwishachomwa kwa amri ya akida, siku ile ile. Niliomba nimwone bwana wa boma. Nilipelekwa, na mfasiri akawa akida mwenyewe. Nilisema maneno mengi: desturi, mkaa, mkono ulioteleza, yale makopa mawili aliyoyavunja. Nilisema mpaka nikachoka. Akida akamgeukia Mdachi, akasema maneno mawili matatu. Mdachi akanijibu kwa moja. Nikalazwa chini, nikapigwa kiboko. Hata kiboko sikukisikia sana. Nilikuwa natazama siafu wanapita chini ya baraza ile ya mtihani, wamebeba kitu cheupe, na nilikuwa nafikiria tu kama ni makopa.

Wadachi wameondoka. Bwana yule wa boma alikwenda na wenzake, sijui kama yu hai. Akida alirudi pwani, na nimesikia ana nyumba na minazi. Mimi nimejifunza kuandika kwa mwalimu wa dini, herufi na kutoa hesabu, si zaidi, na nimechelewa kuandika haya kwa sababu sikuona faida.

Nimeona sasa, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni binti yangu. Amekua, ameolewa, ana watoto. Mwaka huu kwenye harusi ya mtoto wa jirani alisaidia kupika, akaonja mchuzi kwenye sufuria kama mpishi yeyote. Mwanamke mmoja akasema, "Muacheni, ni ukoo wa kula kwanza." Watu wakacheka. Binti yangu akaweka mwiko chini, akaja nyumbani, akaniuliza, "Baba, ni kweli mama alikufa kwa ulafi?" Mtoto niliyemlea mimi. Nilikuwa nimemweleza tangu akiwa mdogo, na bado aliuliza. Uongo wa boma umekaa muda mrefu kuliko boma lenyewe.

Ya pili ni yule mtu. Serikali mpya imeleta bwana wa mbung'o, anayetaka wenyeji wanaoweza kutofautisha mbung'o wa ugonjwa wa malale na inzi wa kawaida. Watapimwa, watapewa hati. Nilikwenda kutazama. Mtu wa mbele kabisa kwenye mstari, mvi kichwani, fimbo mkononi, alikuwa yeye, na shingoni amevaa bati lile lile la ndege wa Wadachi, limesuguliwa kwa majivu likang'aa. Karani akamwuliza ana ushahidi gani wa ujuzi. Akalivua akalionyesha. "Mimi nilishapimwa zamani," akasema. Karani akaligeuza, akaridhika, akamwambia apite ndani asisumbuke na mtihani.

Sikufanya fujo. Nilirudi nyumbani nikatafuta karatasi.

Sasa nasema. Hati ile asipewe. Kabla hajapewa hati yoyote ya serikali yoyote, aitwe barazani, mchana, jua likiwa kichwani, watu wote wawepo, binti yangu akae mbele. Wasimwulize majani, majani anayajua. Na aliyempitisha ndani kwa kuangalia bati naye asimame pembeni yake, kwa sababu safari hii ni yeye aliyemtia mhuri. Mfasiri hatahitajika, wote tunasema lugha moja. Nitasimama mimi, mtu wa mtoni, nitamwuliza mbele yao, na ajibu kwa mdomo wake: kile kikapu chenye mstari mrefu wa mkaa, ulikikagua au hukukikagua?